Ndege moja, bei mbili: nilivyomkatia mama tiketi ya Dallas

Safari ya mama ilikuwa na vipande viwili. Angetoka Nairobi hadi Ulaya kwa shirika moja la huko, kisha angevuka Atlantiki kwa ndege ya mshirika wake wa Marekani mpaka Dallas, anakoishi dada yangu. Nilifungua tovuti za mashirika yote mawili nikakuta saa zilezile na ndege zilezile. Bei ndizo hazikupatana. Kwa shirika la Ulaya nauli ilikuwa karibu shilingi 168,000. Kwa mshirika wake, kiti kilekile kilikaribia 195,000. Sikutaka kulipa kabla ya kuelewa tofauti hiyo inatoka wapi.

Aliyenieleza vizuri ni wakala wa tiketi wa siku nyingi hapa Mombasa. "Mwanangu, ndege ni moja, lakini maduka ni mawili," aliniambia. Mashirika yakiingia katika mkataba ambao mawakala huuita kodisheya, ndege moja hubeba namba za safari za wote wawili. Mmoja ndiye anayeirusha, mwenzake anauza viti vyake kwa namba yake mwenyewe. Chini ya namba hiyo, kwa maandishi madogo, utaona "inaendeshwa na" na jina la mwenye ndege. Naona si haki maandishi hayo kufichwa hivyo, maana karibu kila kitu kitakachomfika abiria kinategemea mstari huo.

Kuhusu bei, jambo la kwanza ni herufi. Daraja la kawaida limegawanywa kwa herufi: Y ndiyo nauli kamili, na chini yake zipo nyingine za bei nafuu, kila moja na masharti yake ya kubadilisha tarehe na kurudishiwa pesa. Mwenye ndege hamfungulii mshirika wake herufi zote kwa kiasi kilekile, na kila mmoja huweka nauli zake kwa soko analolitaka. Ndiyo maana herufi nafuu inaweza kuwa imekwisha kwa mmoja na bado ipo kwa mwenzake. Kisha kuna ada ambayo shirika lenyewe hujiongezea, mara nyingi kwa jina la mafuta. Kwenye tiketi huonekana kama YQ au YR, na kila shirika lina kiwango chake.

Nilimuuliza mzee wangu yule kwa nini hawakai pamoja wakaweka bei moja. Jibu ni kwamba sheria za ushindani huwakataza, isipokuwa wamepewa ruhusa maalumu. Huko Marekani, KLM na Northwest walipewa ruhusa ya namna hiyo mwaka 1993, na wengine wakafuata. Sisi Kenya tumeyaona mambo haya kwa karibu: KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, wakaendesha njia za Ulaya kwa biashara ya pamoja mpaka mwaka 2021. Mashirika ya safari ya mama yalikuwa mengine, lakini utaratibu ni huohuo.

Bei ya chini peke yake haikunitosha. Mama hasafiri mikono mitupu: kulikuwa na leso za dada na wajukuu, viungo vya pilau, majani ya chai. Tovuti moja ilionyesha masanduku mawili ya kilo 23, nyingine ikaonyesha moja. Kwa safari inayoanzia au kuishia Marekani kwa tiketi moja, kiasi cha mizigo kilichokubaliwa mwanzoni ndicho kinachotumika mpaka mwisho. Kwa hiyo nilihakikisha kwamba tiketi ya shirika la Ulaya, ile ya bei nafuu, imeandikwa 2PC, yaani vipande viwili, kisha nikaichapisha mama akae nayo mkononi.

Kulikuwa na njia ya bei ya chini zaidi, kukata tiketi mbili mbalimbali. Niliikataa. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili ingeondoka bila mama na hakuna ambaye angewajibika, na mizigo pengine angelazimika kuichukua mwenyewe katikati ya safari. Mtu wa miaka sabini na kitu, mara yake ya kwanza kupanda ndege, hawekwi katika hali hiyo.

Nilitazama pia ni nani hasa anarusha kipande cha Nairobi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria haki ya fidia, mpaka euro 600 kwa safari ndefu, ndege ikichelewa sana au ikifutwa kwa sababu ambazo shirika lingeweza kuzizuia. Ukitoka nchi ya Umoja huo inakulinda kwa shirika lolote. Ukielekea huko kutoka kwetu inakulinda tu iwapo anayerusha ndege ni shirika la Umoja huo. Namba iliyo kwenye tiketi haihesabiwi. Na dai hupelekwa kwa aliyerusha, hata kama aliyeuza ni mwingine.

Baada ya kulipa nilimwomba karani wa shirika la Ulaya, aliyetuuzia, namba ya buking ya shirika la pili. Watu wengi hawajui kwamba zipo mbili: kila shirika lina mfumo wake, na buking ya mama ilikuwa na herufi na tarakimu sita kwa muuzaji na sita nyingine kwa mwenye ndege ya Atlantiki. Kwa ile ya pili ndipo niliweza kuchagua kiti na kuangalia kama ombi la kiti cha magurudumu limefika. Halikuwa limefika. Nilipiga simu, likaingizwa upya.

Namba hiyo ndiyo iliyotuokoa. Majuma kadhaa kabla ya safari, mshirika aliiwahisha saa ya kuondoka, mama akabakiwa na dakika 35 za kubadilisha ndege, chini ya muda mdogo kabisa unaoruhusiwa katika uwanja ule. Hakuna aliyetuarifu, niliona mwenyewe nilipofungua buking ya pili. Muuzaji akasema badiliko ni la mwenzake, nimpigie yeye. Mwenzake akasema tiketi si yake, hawezi kuigusa. Nilihisi uchungu, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kuaga jamaa na majirani.

Nilirudi kwa wakala wangu. Akaniambia nitazame tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi, kati ya zile kumi na tatu. Hizo humtaja aliyeitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, na kadhalika. Mwenye tarakimu hizo ndiye mwenye mamlaka ya kuibadilisha kabla ya siku ya safari. Nilimpigia muuzaji tena, nikamsomea namba nzima, nikamtajia na ndege nyingine ya mshirika iliyoondoka saa tatu baadaye ikiwa na nafasi. "Dada, tiketi hii ni yenu, naomba uwaombe wenzenu kiti hicho," nilimwambia. Aliomba, kikathibitishwa, hatukutozwa kitu.

Sikukata simu hapo. Buking ikibadilishwa bila tiketi kutolewa upya, abiria anaweza kufika kaunta akaambiwa hana tiketi ya ndege hiyo. Nilimwomba karani aitoe upya nikiwa bado kwenye laini, kisha nikahakiki katika mifumo yote miwili.

Mama alifika Dallas na masanduku yake mawili, akasukumwa kwa kiti mpaka kwa dada. Alipotaka kuongeza muda wa kukaa na wajukuu, sikumtafuta mwenye ndege. Nilikwenda kwa aliyetoa tiketi, nikauliza herufi ileile ipo tarehe zipi, tukachagua siku iliyokuwa nayo. Tulilipa ada ya kubadilisha tarehe tu, bila nyongeza ya nauli, na tiketi mpya ikatumwa jioni ileile.