Siku moja kitengo cha dharura: kuiwahi figo kabla haijafeli

Saa 1:30 asubuhi tunapokezana zamu tukiwa wima, machela kwa machela. Presha inatajwa, mapigo ya moyo, joto, oksijeni, sukari. Mkojo hautajwi mpaka uulizwe. "Amekojoa?" Jibu ni "amekojoa". Kiasi gani, saa ngapi, rangi ipi? Hapo karatasi ni nyeupe.

Watu wa nje wakisikia kitengo cha dharura wanafikiria ajali za bodaboda na damu sakafuni. Zipo. Lakini kuna kazi nyingine isiyoonekana, ya kumsaka mgonjwa ambaye figo zake zimeanza kufeli na mwenyewe hana habari. Figo ikijeruhiwa mara nyingi haiumi. Aliyevunjika mguu analia, mwenye moyo anashika kifua, huyu analala kimya na ndugu zake wanasema afadhali sasa amepumzika. Kipimo cha damu tunachokitegemea, kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa, nayo hupanda figo ikishindwa), nacho huchelewa: jeraha likitokea leo, namba inaweza kupanda kesho au keshokutwa. Mkojo mara nyingi hupungua kabla yake. Kwa hiyo nesi anayezunguka na jagi la kupimia mkojo, ambaye wengine wanamhurumia kwa kupewa kazi duni, ndiye anayeweza kuiona figo inayoumia siku nzima kabla ya maabara.

Saa 2 mpaka saa 4 ni foleni. Anayeharisha na kutapika, malaria kali, mwenye maambukizi yaliyoshusha presha, mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, aliyeungua, aliyeumwa na nyoka, aliyepigwa mwili mzima: hao wote figo zao ziko hatarini tangu mlangoni. Maswali ni manne. Umekojoa mara ya mwisho lini? Una kilo ngapi? Umetumia dawa gani, zikiwemo za mitishamba na sindano za maumivu? Una daftari la zamani la kliniki? La dawa tunaomba wamwage mfuko wote kitandani, maana mdomo husahau.

Vijiti vya kupimia mkojo navyo vina adabu yake. Kopo lifungwe mara tu ukitoa kijiti, maana unyevu wa Dar es Salaam unaviharibu, na kijiti kilichoharibika kinadanganya bila kuonyesha dalili. Chovya, futa ukingo, laza, soma kwa dakika iliyoandikwa kwenye kopo. Protini na damu zikitokea pamoja, ugonjwa unaweza kuwa ndani ya figo zenyewe, na dripu peke yake haitautibu.

Saa 4 kasorobo anaingia mzee mmoja, kijana wake akimshika mkono. Ameharisha na kutapika siku tatu. Kilo 58, presha 92 kwa 58, ulimi mkavu. Mfuko wa dawa ukimwagwa, vinatoka vidonge vya presha, losatani pamoja na dawa ya kukojosha, na ameendelea kuvimeza kila asubuhi kwa uaminifu. Jana alichomwa diklofenaki, sindano ya maumivu, dukani kwa ajili ya mgongo. Hayo matatu kwa pamoja, maji kupungua mwilini, dawa za presha na diklofenaki, ndiyo mchanganyiko ninaouogopa kuliko yote. Figo yenye damu kidogo ina njia mbili za kujihami: kutanua mshipa unaoingiza damu na kubana ule unaoitoa. Diklofenaki inaziba njia ya kwanza, losatani ya pili, na dawa ya kukojosha inazidi kumkausha. Dawa zote tatu zinasimamishwa hapo hapo, kabla ya majibu yoyote.

Dripu ya ringa, maji yenye chumvichumvi, mililita 500 inaingia kwa nusu saa, kisha anapimwa upya: presha, upumuaji, sauti ya mapafu kwa chini. Ndipo inafuata ya pili. Hatumwagi lita tatu kwa mkupuo, kwa sababu figo ikiwa imegoma maji hayo yatahamia kwenye mapafu.

Choo na mkojo vinatoka pamoja kwenye nepi, hakuna cha kupima, kwa hiyo saa 4:30 anawekwa mpira wa mkojo. Si kila mgonjwa anastahili mpira, maana unaleta maambukizi. Anayeweza kukaa anapewa chupa tuliyoichora mistari: unamimina maji mililita 50 kwa bomba la sindano, unabandika plasta usawa wa maji, unaongeza 50 nyingine, mpaka 300. Kwa mzee, uliotoka mpira ulipoingia ulikuwa mabaki ya kibofu, haukuhesabiwa. Hesabu inaanza baada ya hapo, na kiwango cha chini ni nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa, yaani 29 kwake.

Saa 5:30: mililita 12, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mistari ya mfuko haiwezi kusoma kiasi hicho, tunauchota kwa bomba la mililita 50. Kabla ya kuamini 12, tunafuata mpira kwa vidole toka mwilini mpaka mfukoni. Haujakunjwa, hajaulalia, mfuko uko chini ya kibofu.

Saa 6:30 mfuko ni mtupu kabisa. Kijana wake anatabasamu. "Dada, nimeumwaga ule, nikaona nisaidie, mzee asiaibike." Saa nzima ya hesabu imeingia chooni. Nauma ulimi, maana kijana ana upendo na hakuna aliyemweleza kitu. Kosa ni letu. Nakaa naye dakika kumi nisizokuwa nazo: kaka, huu mkojo ndio kipimo cha figo za baba, kila tone tunaliandika. Anaelewa kuliko nilivyotegemea, na kuanzia hapo ananiita mwenyewe kila saa ikifika. Plasta inabandikwa juu ya mfuko: USIMWAGE, MWITE NESI.

Wakati huo huo maabara wanapiga simu: sampuli ya damu ya mzee haifai, chembe za damu zimepasuka kwenye chupa. Ukivuta damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au ukitikisa chupa, chembe zinapasuka na kumwaga potasiamu yake, madini yaliyomo ndani yake, na majibu yanaonyesha potasiamu kubwa ambayo mgonjwa hana. Inachukuliwa nyingine taratibu. Saa 7:30 mkojo ni 16.

Majibu yanafika saa 8 na dakika. Kreatinini maikromoli 118 kwa lita, na kikomo cha juu cha maabara ni 115. Kwa foleni ile, karatasi hiyo ingepita: imezidi kidogo tu. Lakini daftari la kliniki, lililokunjwa kwenye mfuko wa shati la kijana, lina kreatinini ya miezi minne iliyopita: 0.8. Hapo wengi wanateleza, kwa sababu hiyo ni miligramu kwa desilita. Zidisha kwa 88.4, unapata 71. Kutoka 71 hadi 118 ni zaidi ya mara moja na nusu, na hiyo kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2012 ni jeraha la ghafla la figo, hatua ya kwanza. Kigezo kingine ni kupanda kwa maikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au mkojo chini ya kiwango kwa saa sita. Hakuna anayetulazimisha kusubiri hizo sita ndipo tutibu. Mtu mwembamba kama mzee ana misuli michache, kreatinini yake ya kawaida iko chini, na "kawaida" ya maabara inamficha.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kijana aliyepigwa na kundi la watu, mkojo wa rangi ya koka, kijiti kinasema damu nyingi lakini darubini haioni chembe nyekundu: ni rangi ya misuli iliyosagika. Babu mwenye tezi dume, tumbo la chini gumu kama nazi, mpira unatoa lita moja na zaidi; huyo anafuatwa kila saa, maana baada ya kufunguliwa anaweza kukojoa zaidi ya mililita 200 kwa saa na kukauka. Miguu inawaka moto. Chai imepoa tangu mchana.

Mkojo wa mzee kwa saa: 21, halafu 27, halafu 34. Rangi imefunguka, presha 112 kwa 70, mapafu makavu.

Saa 1:30 usiku tunapokezana. Kreatinini irudiwe saa 12 alfajiri, dawa tatu zisirudishwe bila daktari kuona namba hiyo. Nikifika kwenye machela yake, naanza na mkojo, kisha presha.