Jinsi nilivyomtoa chinchila wangu kwenye mbegu na zabibu kavu nikamzoesha nyasi

Niko Minneapolis, Marekani, na huyu chinchila, mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mazito, nilimrithi kutoka kwa mtu tuliyekuwa tukifanya naye shifti za usiku, alikuwa anahamia nyumba ambayo hawaruhusu wanyama. Mimi namuita Majivu kwa vile rangi yake ni ya kijivu. Alikuja na keji yake, chupa ya maji na mfuko mkubwa wa chakula mchanganyiko, ukifungua ndani unakuta mahindi, mbegu za alizeti, vipande vya ndizi kavu, zabibu kavu halafu peleti chache, yaani vipande vidogo vya chakula kilichosagwa na kushindiliwa, na yeye kama mtoto mjanja anachagua vile vitamu tu, hizo peleti anaziacha chini. Nyasi kavu alikuwa anapewa mara moja moja tu. Kinyesi chake kilikuwa laini, kinashika mpaka kwenye manyoya, na tumbo wakati mwingine linajaa gesi.

Nikatafuta daktari wa wanyama anayejua hawa wadogo, maana si kila anayetibu mbwa na paka anamjua chinchila. Alimfungua mdomo akaangalia meno, akanieleza kitu ambacho sasa namwambia kila mtu: meno yote ya chinchila, ya mbele na magego, yanakua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu kwa masaa mengi. Asipotafuna magego yanarefuka, yanamchoma ulimi na mashavu, anashindwa kula, na hapo ndio wengi wanafia. Meno ya mbele yakiwa ya rangi ya chungwa usishtuke, hiyo ndio afya yenyewe, ukiona yamekuwa meupe ndio uulize.

Na ukifikiria asili yake inaeleweka kabisa. Hawa ni wa milima ya Andes kule Chile, kukavu, majani magumu, vichaka, hakuna matunda ya kumwagika. Hawa wa kufugwa wengi ni uzao wa wale 11 ambao Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, alileta California mwaka 1923, kwa hiyo hata kama Majivu amezaliwa Marekani tumbo lake ni lile lile la mlimani, sukari na mafuta haliyawezi. Tena hawezi kutapika, kikishaingia kimeingia.

Sasa kubadilisha chakula, hapo ndio kazi, na haifai kufanywa ghafla kwa sababu utumbo wake unaendeshwa na bakteria waliozoea kitu fulani, ukiwabadilishia kwa siku moja unaweza kusimamisha tumbo zima. Zabibu, ndizi na mbegu nilizitoa mara moja, daktari alisema hizo hazina haja ya kusubiri. Lakini peleti nilichanganya, nikanunua za timothi, ambayo ni aina ya nyasi, zisizo na vikorombwezo ndani, kila siku nikiongeza kidogo mpya na kupunguza za zamani, ikaenda hivyo kwa wiki kadhaa mpaka zikabaki mpya peke yake. Sasa anapata kijiko kikubwa kimoja jioni akiamka, akikimaliza haongezewi hata akinisimamia kwenye waya na mikono yake midogo, na jamani anajua kuomba!

Nyasi sasa ndizo chakula, masaa 24 hazikosekani kwenye keji. Nyumbani Njoro, Kenya, tulikuwa tunakata nyasi za boma rhodes tunafunga marobota ya kulisha ng'ombe, kwa hiyo kuchagua nyasi ninakujua: inuse, iwe na harufu tamu ya shamba, iwe na ukijani, ikiwa na vumbi au harufu ya ukungu rudisha. Hapa inayopatikana ni timothi, na nikiona amechoka nayo nachanganya na za orchadi, aina nyingine ya nyasi. Mwanzo alizikataa, anazitumia kulalia, nikagundua anapenda mabua mapya kuliko yaliyokaa tangu jana, basi nikaanza kuweka kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya kujaza siku moja, akaanza kula. Kwetu mtu asipokula ugali anasema hajala, ndivyo ilivyo kwa chinchila na nyasi, peleti ni mboga ya pembeni tu.

Lusani, ambayo hapa wanaiita alfalfa, wengi wanadhani ni nzuri zaidi kwa sababu ng'ombe wanaipenda. Kwa chinchila mkubwa kalsiamu yake imezidi, inaweza kuleta mawe kwenye kibofu. Hiyo ni ya watoto wanaokua na mama mwenye mimba au anayenyonyesha.

Kitu kilichonisaidia sana ni mizani ya jikoni. Nampima kila wiki kwenye bakuli, naandika kwenye simu. Wengi wanakuwa kati ya gramu 400 na 600, lakini muhimu ni uzito wake mwenyewe, ukiona unashuka taratibu bila sababu jua kuna shida mdomoni hata kama anaonekana mchangamfu, kwa sababu hawa wanaficha ugonjwa sana. Na siku akikataa kula kabisa au ukikuta hakuna kinyesi kwenye keji, usingoje kesho, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kinyesi chake sasa ni kikavu, kigumu, vipunje vya kulingana, na mimi ninafurahi kukiona, kweli kabisa. Wageni wakija wanataka kumpa kitu, karanga, kipande cha chapati, nawapa kijiti cha mti wa tufaha (apple) ambao haujapuliziwa dawa, au tunda moja kavu la waridi mwitu, wanampa wenyewe kwa mkono, anaketi kwenye ubao wake anatafuna na wao wanapiga picha.