Ukuta wa Katigondo, wiki ya 6: nimeongeza manila upande wa kushoto

Wiki hii nimebandua karibu kila kitu. Kwa ambao hamjafuatilia, nachora historia ya seminari kuu ya Katigondo (chuo cha kuandaa mapadre wa Kikatoliki), kule Buddu nchini Uganda, kwenye manila nilizobandika ukutani sebuleni. Kushoto kabisa niliweka 1911 maana ndo mwaka seminari ilipofunguliwa pale. Kumbe hapo stori imeshafika mbali.

Kilichonisumbua ni kwa nini Buddu, kwa nini sio karibu na Mengo kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, wakati wamisionari Mapeera (ndo Waganda walivyomuita Padre Lourdel) na Bruda Amans walifika Buganda tangu 1879? Jibu ni vita. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, Kapteni Lugard, Mwingereza, akawa upande wa Waprotestanti na bunduki zake za Maxim (bunduki za rashasha), Wakatoliki wakashindwa, nchi ilipokuja kugawanywa wao wakapewa Buddu. Watu wakahama na mapadre wakahama nao, na mwaka huohuo Padre Streicher akaanzisha misheni ya Villa Maria. 1893 masomo ya seminari yakaanza, alafu baadae seminari ya wadogo ikaja kutulia Bukalasa na ya wakubwa ndo hiyo Katigondo, zote jirani na Villa Maria. Yaani jengo ninalolichora limesimama pale kwa sababu ya watu waliokimbia na mizigo kichwani. Nimeandika 1892 kwa maka pen nyekundu.

Na jana shangazi kanitumia kutoka Bukoba daftari la marehemu babu, alisoma seminari ya Rubya kidogo kabla hajarudi nyumbani kuoa. Kurasa za kwanza zote Kilatini, penseli: rosa, rosae, rosae, rosam, yaani neno waridi likibadilika mwisho wake. Pale alipokosea amefuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi imetoboka. Nimekaa na huo ukurasa muda mrefu sana. Maana wale vijana walitakiwa kukijua Kilatini vizuri kabisa, falsafa na teolojia vyote vilifundishwa kwa lugha hiyo, na mtu anatoka kwao anaongea Kiganda au Kihaya tu!

Ndo maana tarehe 29 Juni 1913 nimeipa nafasi kubwa kuliko zote. Siku hiyo Basil Lumu na Victor Mukasa Womeraka walipewa upadre pale Villa Maria, mapadre wa kwanza wazalendo wa Uganda, na aliyewapa ni Streicher yuleyule, sasa ni askofu. Ukihesabu tangu 1893 ni miaka 20. Wengi wanaruka moja kwa moja mpaka kwa Joseph Kiwanuka, aliyesoma Katigondo na 1939 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu wa ibada ya Kilatini (ile ya Roma) katika zama hizi, na mimi nampenda, ila bila wale wawili asingekuwepo mtu wa kumuonyesha kwamba inawezekana.

Kulia nimebakiza sehemu ya Laurean Rugambwa, mtoto wa kwetu Kamachumu, Rubya kwanza kisha Katigondo, kardinali 1960. Kesho nanunua manila moja zaidi na kamba ya katani, nataka mstari wa Rubya kwenda Katigondo uonekane ukivuka mpaka wa Tanzania na Uganda. Na daftari la babu litakaa chini yake, limefunguliwa ukurasa wa rosa.