Presha si namba tu

Kazi yangu ni usingizi, chumba cha upasuaji. Watu hudhani mgonjwa akishalala nimemaliza, kumbe ndipo naanza. Dawa nyingi za usingizi hulegeza mishipa, na presha hushuka hata kabla daktari hajashika kisu. Ganzi ya mgongo nayo ni vivyo hivyo, tena haraka.

Wengi wetu tumezoea kukimbilia dripu. Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Kama mishipa imelegea tu na damu haijapotea, dozi ndogo ya efedrini au finilefrini, dawa za kubana mishipa, huinua presha bila kumjaza mgonjwa maji ambayo baadaye yatavimbisha utumbo na kulemea mapafu. Akivuja damu hapo ni habari nyingine: arudishiwe damu, na mapema.

Presha ya wastani, yaani wastani wa ile ya juu na ya chini katika mzunguko mzima wa pigo la moyo, siiachi ishuke chini ya 65 (milimita za zebaki). Kwa mtu anayeishi na presha ya juu nataka zaidi, maana figo zake zimeshaizoea. Lakini skrini haisemi yote. Namshika mkono, nabonyeza ukucha hadi uwe mweupe, naachia, nahesabu. Rangi ikichelewa kupita sekunde 3 na vidole ni baridi, basi damu haifiki vizuri, hata namba ipendeze vipi.

Wodini nawasihi wauguzi waangalie mfuko wa mkojo kila saa. Mgonjwa wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, wanipigie, hata usiku wa manane.