The Godfather Part III ni ya tano, na sishuki hapo

Kaka yangu ana orodha yake ya filamu za Francis Ford Coppola, na humo The Godfather Part III ameitupa nafasi ya kumi na mbili. Iko chini ya Bram Stoker's Dracula, chini ya The Outsiders, chini hata ya The Rainmaker, ambayo ni sinema nzuri ya mahakamani lakini waongozaji wengi wenye ujuzi wangeweza kuitoa vilevile. Mimi naiweka ya tano. Tumebishana kwenye simu, tumebishana mezani kwa mama sikukuu, na safari hii naandika ili nifike mwisho wa hoja yangu.

Nne za juu hatugombani. Coppola alizitoa zote katika miaka ya sabini: The Godfather mwaka 1972, The Conversation na The Godfather Part II zote mbili 1974, halafu Apocalypse Now 1979. Ugomvi unaanzia hapo chini, na hapo ndipo watu wengi wanapoionea Part III. Wanaisimamisha mbele ya ndugu zake wawili wakubwa na kuiuliza kama inawafikia. Haiwafikii, na hilo limejulikana tangu ilipoingia kwenye majumba ya sinema Krismasi ya 1990. Lakini sisi hatupangi filamu tatu. Tunapanga kazi zote za mtu aliyekuwa bado anatoa filamu 2024, na ukiiweka Part III pembeni ya Rumble Fish, Peggy Sue Got Married, Tucker, Dracula au Megalopolis, mimi sioni inayoizidi uzito.

Kasoro zake nazijua. Kubwa ni kukosekana kwa Tom Hagen, wakili wa ukoo wa mafia wa Corleone. Robert Duvall, aliyemwigiza, hakurudi kwa sababu ya malipo, na nafasi yake akapewa George Hamilton kama wakili mpya, mtanashati, mwenye suti zilizokaa vizuri, asiye na historia yoyote na nyumba ile. Hagen alikulia pale. Alikuwa mtu wa mwisho ambaye angeweza kumtazama Michael Corleone, mkuu wa ukoo, machoni na kumwambia hapana. Filamu nzima unalisikia pengo lake, hasa Michael anapoanza kuzeeka na kuzungumzia toba mbele ya watu wasiomjua.

Ya pili ni ile helikopta ya Atlantic City, risasi zinanyesha kutoka darini juu ya wazee wa mafia waliokaa kwenye meza ndefu. Kuna sinema ambazo tukio hilo lingezifaa. Humu limepotea njia.

Na kuna suala la benki ya Vatikani. Wengi wanachoka hapa, na nawaelewa, kwa sababu filamu haikuelezi vya kutosha. Ukijua historia yenyewe, fundo linafunguka. Mwaka 1978 Papa Yohane Paulo wa Kwanza alifariki baada ya siku 33 tu za upapa. Mwaka 1982 ikaanguka Banco Ambrosiano, benki ya Italia iliyokuwa na uhusiano wa karibu na benki ya Vatikani, na mwenyekiti wake, Roberto Calvi, akakutwa ananing'inia chini ya Daraja la Blackfriars jijini London. Coppola na Mario Puzo, mwandishi wa riwaya ya The Godfather, walichukua mambo hayo wakayasukuma karibu karibu na kumwingiza Michael katikati yake, tajiri anayetaka kununua usafi kwa dola milioni 600. Unapomwona yule mwanabenki wa kwenye filamu naye ananing'inia chini ya daraja, ujue aliyeandika hakubuni kutoka hewani.

Sasa Sofia.

Kaka yangu kila mara anamalizia hapa: "Dada, yule binti hajui kuigiza." Winona Ryder ndiye aliyepangwa kuwa Mary, binti wa Michael. Akajitoa kwa uchovu upigaji picha ulipokuwa unaanza Italia, na Coppola akamweka mwanawe mwenyewe, Sofia, msichana wa miaka 18. Wahakiki walimrarua. Tuzo za dhihaka za Razzie zikampa mbili. Ni kweli sauti yake ni nyembamba, na mbele ya Andy Garcia, anayewaka katika nafasi ya Vincent, anaonekana mtu aliyeitwa jikoni akaja bila kujiandaa. Sibishi. Ninachobisha ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuiangusha filamu hadi ya kumi na mbili. Kwangu mimi Sofia ndiye sababu ya kuipandisha.

Rudi kwenye filamu ya kwanza. Karibu na mwisho wake Michael yuko kanisani, baba wa ubatizo wa kichanga cha dada yake Connie. Padre anamuuliza kama anamkataa shetani na kazi zake zote. Anajibu kwamba anamkataa, na wakati huohuo watu wake wanaua mji mzima. Kile kichanga kilichomwagiwa maji ni Sofia Coppola. Alikuwa mtoto mchanga wa mwongozaji, akabebwa akawekwa mbele ya kamera.

Njoo Sicily kwenye Part III. Don Tommasino, mzee aliyemhifadhi Michael ujanani, ameuawa na muuaji aliyevaa kipadre. Usiku Michael anakaa peke yake na jeneza. Anamuuliza marehemu kwa nini wewe ulipendwa na watu, na mimi nikaogopwa. Kisha anaapa kwa uhai wa wanawe kwamba akipewa nafasi ya kujikomboa hatatenda dhambi tena. Kwa uhai wa wanawe. Nimekulia kwenye nyumba ambayo bibi yangu alikuwa anaweza kuacha kila alichokishika akimsikia mtu anaapa hivyo, akamwamuru akitengue kiapo palepale. Mtu haapi kwa mtoto. Kwa hiyo kila ninapolifikia tukio lile nasikia mgongo unasisimka, maana najua kinachofuata: Michael anamkabidhi ukoo Vincent, mtoto wa marehemu kaka yake Sonny, na anajua vizuri Vincent atakwenda kufanya nini. Hatoi amri ya kuua kwa kinywa chake. Anaiacha itolewe. Hiyo ndiyo hila yake ya maisha yote, kula kiapo na kumtuma mwingine akivunje.

Usiku wa opera, kwenye ngazi za Teatro Massimo mjini Palermo, mwana wa kiume wa Michael ametoka kuimba opera ya Cavalleria rusticana, familia yote imependeza, na risasi iliyomlenga Michael inampata Mary. Binti anamwita baba yake kama anayemuuliza kitu. Anaanguka. Ni mwili uleule uliobatizwa kwenye filamu ya kwanza. Mwigizaji mwingine yeyote angekufa vizuri zaidi pale. Angelia vizuri, angetamka vizuri, na tungemsifu. Sofia anakufa kama msichana wa kawaida ambaye haamini kilichompata, na mimi hapo sioni uigizaji mbaya, naona mtoto wa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo kaka yangu analiita la nje ya filamu, lakini mimi siwezi kulitenga. Mwaka 1986 Coppola alimpoteza mwanawe mkubwa, Gian-Carlo, katika ajali ya boti, akiwa na miaka 22. Miaka mitatu minne baadaye anasimama Palermo anamwongoza Al Pacino, anayeigiza Michael, afungue mdomo juu ya maiti ya binti, na binti aliyelala pale ni wa kwake mwenyewe. Walter Murch kwenye uhariri aliiondoa sauti ya kile kilio. Unaona mdomo uko wazi, shingo imekakamaa, unasikia muziki wa Mascagni, mtunzi wa ile opera, peke yake, halafu sauti inamrudia. Uniambie ni wapi kwenye Dracula, pamoja na uzuri wake wote wa mavazi na vivuli, Coppola aliweka kitu kama hicho mezani.

Na kabla ya hapo kuna ungamo. Mimi nimelelewa Mkatoliki, nimefundishwa kwamba bila nia ya kuacha dhambi, maondoleo hayapatikani. Ndiyo maana tukio la Kardinali Lamberto, anayeigizwa na Raf Vallone kwa upole wa ajabu, linanishika koo. Michael sukari imemshuka, amepewa kinywaji na pipi, jasho linamtoka. Polepole anaanza kutaja dhambi mpaka anafika kwa kaka yake Fredo: nimemuua mtoto wa mama yangu, mtoto wa baba yangu. Analia. Kardinali anamwambia maisha yake yanaweza kukombolewa, lakini najua huamini hivyo, hutabadilika. Kisha anamwondolea dhambi. Mafundisho niliyopewa hayakunipa namna ya kulielewa tendo hilo, na nimeshawahi kuliuliza kwa padre wetu, naye akakaa kimya kidogo kabla ya kusema kwamba huenda kardinali alimwombea hiyo nia asiyokuwa nayo. Sehemu mbili za kwanza, pamoja na ukubwa wake, hazikuwahi kunipeleka kwa padre.

Desemba 2020 Coppola aliikata upya akaipa jina ambalo yeye na Puzo walilitaka tangu mwanzo, lenye kifo cha Michael Corleone ndani yake. Inaanza moja kwa moja na mazungumzo ya benki, hivyo fedha za Vatikani zinaeleweka mapema, na kwa mgeni naipendekeza hiyo. Ajabu ni mwisho: kwenye toleo la 1990 mzee anaanguka kutoka kwenye kiti chake, amekufa. Kwenye hili la jina la kifo, hafi. Vibandani Tanga tulikuwa tunasema steringi hafi, na tuliona ni heshima anayopewa. Coppola amemwacha steringi wake hai kama adhabu, aendelee kuamka kila asubuhi na kiapo chake.

Toleo hilo limemtikisa kaka yangu kidogo. Kutoka kumi na mbili amenipa ya tisa, kwa sharti kwamba Dracula na Rumble Fish zibaki juu. Rumble Fish nakubali tuizungumze, ile nyeusi na nyeupe yake ina pumzi ya pekee na siku nyingine naipenda kuliko Apocalypse Now. Dracula hapana. Kaka, ukija Pasaka njoo na hoja nyingine.