Nilivyoacha kukata kamba za watu: uzoefu wangu wa kuunga kamba mbili

Mwishoni mwa Oktoba, mwaka juzi, kisima cha nyumbani kwetu, katika kijiji kisicho mbali na Hombolo, kilibaki na tope tupu. Wakazi wa Dodoma wanaufahamu vizuri mwezi huo: mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ifikapo Oktoba maji ya ardhini huwa yameshuka sana. Nilikubaliana na baba mdogo kwamba yeye angeshuka kuchimba, nami ningebaki juu kuvuta udongo kwa ndoo. Kisima kilikuwa na kina cha mita 14, ilhali kamba yetu ya nailoni haikuzidi mita 11, na bado tulihitaji urefu wa ziada wa kuzungushia kwenye gogo lenye mkono lililolazwa juu ya mdomo wa kisima.

Jirani yetu, mzee anayemiliki mkokoteni wa ng'ombe, alikuwa na kamba ya katani ya mita 9 hivi. Nilipomwendea hakuninyima, ila alinipa sharti: "Mjukuu wangu, ichukue asubuhi, jioni iwe imerudi, na irudi nzima." Aliihitaji kila alfajiri kufungia mizigo yake. Sharti hilo ndilo lililonifundisha yote ninayoyaandika hapa, kwa kuwa kama kamba ingekuwa yangu, ningefunga fundo lolote lile na kuliacha hapo mpaka kamba ioze.

Siku ya kwanza nilizilaza ncha mbili pamoja, nikazipiga fundo moja kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko wa mahindi. Fundo hilo lilishika barabara. Tatizo lilikuja jioni. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, lakini ikijaa udongo mbichi hupita kilo 30, na baada ya kuvuta ndoo kama hamsini fundo lilikuwa limekaza likawa gumu kama kokwa la embe. Nilijaribu kucha, nikajaribu meno, nikajaribu msumari, na mwishowe nikachukua kisu. Mzee aliipokea kamba yake, akautazama ule mkato, akaniambia tu, "Haya." Mtu aliyelelewa vijijini anajua uzito wa neno hilo linapotamkwa hivyo.

Siku ya pili nikahamia fundo tulilofundishwa tukiwa skauti, yaani kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Fundo hilo ni zuri kwa kufunga bandeji au kifurushi, kwa sababu hapo hulala likiegemea kitu. Kwa kuunga kamba mbili zitakazobeba mzigo ni hatari, hasa kamba zikiwa hazilingani unene wala ulaini, kama ilivyokuwa nailoni yetu laini na katani ile yenye nyuzi. Kamba moja hujinyoosha, nyingine ikabaki kuizunguka kama pete, kisha ikateleza na kuchomoka. Ndivyo ilivyotokea. Ndoo iliyojaa ilidondoka kutoka juu kabisa hadi chini, na namshukuru Mungu kwamba wakati huo baba mdogo alikuwa amekaa chini ya mwarobaini akinywa uji. Hatukuchimba tena siku ile.

Aliyetuokoa ni shemeji yangu, mvuvi wa bwawa la Mtera, ambaye alikuwa amekuja kutusalimia. Nilipomweleza mkasa wetu aliniomba zile kamba, akaikunja ncha ya katani, ambayo ndiyo nene, ikawa kama herufi U iliyolala. Kisha akaipitisha ncha ya nailoni kutoka chini ya ile U ikatokeza juu, akaizungusha nyuma ya miguu yote miwili ya U, akairudisha mbele na kuipenyeza chini ya nailoni yenyewe, juu ya ile U. "Hili ndilo fundo la kila jicho la wavu, shemeji," alisema, "sema kwenye wavu hatulifungui." Kwa kuwa nailoni huteleza, aliizungusha mara mbili kabla ya kuipenyeza, akahakikisha kwamba ncha zote mbili zinatokea upande mmoja, maana zikitokea pande tofauti fundo huwa dhaifu zaidi. Jioni alinionyesha namna ya kulifungua: unaukunja mgongo wa U kurudi nyuma, kama unayevunja muwa, na fundo lote linalegea.

Tulilitumia fundo hilo kwa siku nne. Kasoro yake niliigundua mwenyewe: linashika likiwa na mzigo, lakini ndoo ikishafika chini na kamba ikalegea, huanza kujifungua taratibu kila inapotikiswa. Nililazimika kulikagua kila baada ya ndoo chache.

Mzee alipouza mkokoteni wake na kamba yake ikaondoka nao, nilinunua soko la Majengo, mjini, kipande cha nailoni chenye unene sawa na ile yetu, na hapo nikapata nafasi ya kujaribu fundo nililokuwa nimeliona kwenye simu, linaloitwa fundo la Zeppelin. Nililifanyia mazoezi kwa kamba za viatu, moja nyeusi na moja nyeupe, na nashauri sana rangi ziwe mbili. Kamba ya kwanza unaikunja kama tarakimu 6, ncha yake ikipita juu ya kamba yenyewe. Ya pili unaikunja kama 9, ncha yake ikipita chini. Unaiweka 6 juu ya 9 ili matundu yao yalingane. Ncha ya 6 unaizungusha nyuma ya vyote na kuitokeza juu kupitia tundu. Ncha ya 9 unaipandisha mbele ya vyote na kuishusha kupitia tundu hilo hilo. Ukivuta, ncha hutokeza moja huku na moja kule, zikifanya msalaba na kamba. Ukiona zimekaa vingine, fungua uanze upya, kwa sababu kosa dogo la juu na chini hukupa fundo jingine kabisa.

Mimi huacha ncha zenye urefu wa shubiri moja, nalikaza kwa mikono, kisha natundika ndoo ya mawe kwenye tawi kabla ya kuliamini. Halilegei kamba ikitikiswa, na hata baada ya kutwa nzima ya udongo mbichi, nikivisukuma nyuma kwa kidole gumba vile vitanzi viwili vinavyoikumbatia kamba, kimoja kila upande, linafunguka bila meno wala kisu. Kamba zikitofautiana sana unene narudi kwenye fundo la shemeji lenye mizunguko miwili.

Kwenye gogo la kuzungushia, fundo hupanda bila shida. Kwenye kapi hukwama, kwa hiyo mwenye kapi atafute kamba moja ndefu. Fundo lolote pia hupunguza nguvu ya kamba, kwa kuwa pale inapopindwa kwa ukali nyuzi za upande wa nje hubeba mzigo mkubwa kuliko za ndani. Kwa sababu hiyo baba mdogo hakuwahi kushushwa kwa kamba iliyoungwa. Alishuka kwa vikanyagio vya ukutani, kiunoni akiwa na kamba nzima ambayo hatukuitumia kwa kazi nyingine yoyote, hadi tulipofikia maji kwenye mita ya 17.