Kumtangulia wa kwanza: kutoka Unguja hadi Mto wa Mbu

Boti ya saa moja asubuhi ilipoondoka bandari ya Malindi, mtangazaji wa kipindi chetu cha mbio za televisheni alikuwa ameshachoka. Alifika Forodhani giza halijaisha, akasimama mgongo ukielekea baharini, akarekodi maneno ya kufungulia mbio: jozi sita za washindani, njia ya kutoka Mji Mkongwe hadi Mto wa Mbu mkoani Arusha, na onyo kwamba watakaofika mwisho huenda wakarudishwa kwao. Adhana ya alfajiri ilipoanza alinyamaza na kuomba kamera zizimwe mpaka iishe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mimi tangu dakika ile nikampenda.

Alipowaruhusu washindani wakimbie, mwanga ndio kwanza ulikuwa unaingia na lango la abiria bandarini lilikuwa linakaribia kufungwa. Wao walikimbilia Darajani, ambako kazi ya kwanza iliwangoja katikati ya wauza viungo. Sisi tulikimbilia boti. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya mtu huyu. Watazamaji humwona amesimama kwenye mkeka wa kumalizia mbio, ametulia, shati limenyooka, akiwapokea watu wanaohema. Hawajui kwamba naye amepita njia ile ile, bahari ile ile na foleni zile zile, na kwamba kwake kuchelewa hakuruhusiwi hata kidogo. Mshindani akichelewa, hiyo ni hadithi nzuri ya kipindi. Mtangazaji akichelewa, hakuna kipindi.

Mimi nilikuwa fiksa, yaani mtu wa nchini anayeajiriwa na watayarishaji wa nje kutafuta vibali, magari, vyumba, chakula na watu. Mkataba unanikataza kutaja jina la kipindi wala la mtangazaji, na ahadi hiyo naitunza. Ila aina ya kipindi inafahamika. Tangu The Amazing Race ianze kurushwa na CBS ya Marekani Septemba 2001, Phil Keoghan akiwa mtangazaji wake, mashindano ya kuzunguka dunia kwa jozi yamekuwa na umbo linalofanana. Msimu wa tano wa kipindi hicho, uliorushwa mwaka 2004, ulipita Misri, Kenya na Tanzania. Kila jozi huandamana na mpiga picha na fundi sauti, kwa hiyo wawili wanaposafiri huhitaji viti vinne. Basi likibakiza viti vitatu, jozi inabaki stendi. Na wapiga picha huhamishwa kutoka jozi moja kwenda nyingine, ili asiwepo atakayeanza kuwashabikia anaowafuata. Sisi nasi tulifuata taratibu hizo.

Kabla ya yote hayo yalikuwepo makaratasi. Kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania hakikufikishi Unguja. Zanzibar ina mamlaka yake na maombi yake. Droni ina mlango mwingine, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kila eneo tutakalosimama lina ofisi yake, na baada ya ofisi lina wenyewe: mwenyekiti wa mtaa, wazee, wenye maduka. Mtangazaji aliniomba orodha ya watu hao wote. Nilidhani anataka kujua nani amelipwa nini. La, alitaka kujua nani wa kumpa shikamoo.

Dar tuliingia saa tatu asubuhi. Kutoka bandarini hadi stesheni ya SGR, reli ya kisasa, si mbali, lakini tulikuwa na masanduku ya betri, maiki, kadi za kumbukumbu na stendi za kamera, na pale stesheni mizigo hukaguliwa kama uwanja wa ndege. Tulipanda treni ya kabla ya ile waliyopangiwa washindani. Treni hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa ratiba nzima. Anayepanga mbio za aina hii hutafuta mahali ambapo watangulizi watalazimika kusubiri: soko ambalo halijafunguliwa, kivuko ambacho hakijaja, treni ya jioni ambayo hata aliyewahi kwa saa nne ataipanda pamoja na aliyefika akihema. Mtazamaji huona jozi ya mwisho imepata nafasi mpya. Sisi huona kwamba watu waliotawanyika wamekusanywa sehemu moja, wapiga picha wamepata kula, na mtangazaji amepata pengo la kupita mbele.

Njiani alikaa dirishani na daftari. Pugu ilipita, Ruvu ikapita, milima ya Uluguru ikajitokeza, na yeye alikuwa anaandika upya maneno ya kesho kwa sababu yale aliyoletewa yaliiita michoro ya Kondoa "mapango ya kale" na kuishia hapo. Aliniuliza maswali mpaka Morogoro. Michoro imesambaa kwenye kuta za miamba mingi. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini lililomgusa ni jambo jingine: kwamba Mungumi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo, bado ni mahali pa matambiko kwa watu wa pale. Alifuta ukurasa mzima, akaanza tena.

Dodoma tulilala kidogo sana. Saa nane usiku tulikuwa barabarani kuelekea Kondoa, gari mbili, wakati washindani wamelala hoteli ile ile, hawaruhusiwi kutoka mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya Dodoma hadi Babati sasa ni lami tupu, na dereva wetu, mzee wa Kirangi aliyewahi kuipita ikiwa vumbi na makorongo, aliendesha kwa raha huku akitaja vijiji gizani kimoja baada ya kingine. Kolo tuliingia kabla ya alfajiri. Mwenyeji aliyepangiwa kutuongoza alikuwa ameshavaa koti, anatusubiri.

Kupanda kwenye mwamba kulituchosha kwa sababu ya mizigo. Tuliacha taa kubwa chini. Karibu na michoro tulitumia kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga na subira ya kungoja jua. Mtangazaji alimwuliza mwenyeji, "Mzee, nisimame wapi nisikosee?" Mzee akamwonyesha, akamwonyesha na mahali pasipokanyagwa na mtu asiye na shughuli pale. Jua lilipogusa ukuta, watu wale wembamba warefu wa rangi nyekundu wakajitokeza, na wanyama pia, pofu na twiga. Hakuna aliyesema kitu. Kisha alirekodi maelezo yake kwa mara moja tu, bila kukosea neno, akashuka bila kuomba apigwe picha ya simu. Kazi ya washindani tuliipanga kijijini kwa makusudi, mbali na mwamba: kumi na wawili wanaokimbia hawana nafasi mbele ya ukuta kama ule.

Hesabu ilikuwa nzuri mpaka Bereko. Kwenye kona za mlima lori lenye tela lilikuwa limelala likaziba njia yote, na mabasi yalikuwa yameshazima injini pande zote mbili. Abiria walishuka, wauza karanga wakafika, watoto wakalala migongoni mwa mama zao. Tulikaa. Saa ikapita, na nyingine ikaanza. Redio za mkononi hazikufika mbali milimani, ila simu ilishika, na mwenzetu aliyebaki Kolo akatuambia jozi ya kwanza imemaliza kazi na imepata lifti.

Mtayarishaji mmoja akapendekeza wazuiliwe kidogo, kwa kisingizio chochote, mpaka njia ifunguke. Ni jambo rahisi kulifanya, na nadhani hakuna mtazamaji angelijua. Mtangazaji alikataa. "Tukimsimamisha mmoja, tuwasimamishe wote, na kila mmoja arudishiwe dakika zake. Kama hatuwezi, basi sisi ndio tutembee."

Tukatembea. Babati kulikuwa na dereva wetu mwingine na gari aina ya Noah, kwa sababu kwenye barabara ya mlimani huweki magari yako yote upande mmoja. Nilimpigia, akapanda mpaka mkia wa foleni ya upande wa pili. Tulichukua kamera moja, betri mbili, maiki, begi la mashati na mkeka wa ukindu, mkubwa, uliosukwa Unguja kwa ajili ya siku ile. Mtangazaji aliuweka mkeka begani mwenyewe. Akapita kati ya mabasi akisalimia watu, "Poleni, poleni sana," na watu wakimjibu "Asante" na "Mkeka bei gani?" Mama mmoja alimsaidia kuushusha kwenye mteremko ulioteleza. Kondakta wa basi alimwita "babu," akaitika.

Ndani ya Noah hakukuwa na maongezi. Babati, kisha uwanda mrefu wa Magugu, kisha Makuyuni, na kwa mbali ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara. Tuliingia Mto wa Mbu saa nane kasoro. Alinawa uso kwenye mfereji wa shamba la migomba, akatoa shati. Anayo matatu yanayofanana kabisa, rangi moja na vifungo vya aina moja, kwa sababu Kolo na Mto wa Mbu ni siku moja ndani ya kipindi, na jasho la Bereko halikuwemo kwenye hadithi. Ningependa lingekuwemo. Nilimwambia hivyo, akasema kipindi ni cha wanaoshindana.

Bibi wa kijiji aliyekubali kupokea wageni alikuwa ameshavaa kanga mpya. Mtangazaji aliinama: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Alikuwa hajala. Aliletewa ndizi nyekundu, zile za Mto wa Mbu, akamaliza mbili kabla vumbi la jozi ya kwanza halijaonekana. Nao walikuwa wamevuka Bereko kwa miguu, wakadandia Coaster upande wa pili. Aliwapokea kana kwamba amekuwa pale tangu asubuhi.

Halafu akabaki amesimama. Hili ndilo ningependa watu walijue. Jozi ya pili, ya tatu, kila moja ilimkuta pale pale, na kati ya moja na nyingine hakuketi kwenye gari wala hakushika simu; alisema akikaa uso wake utalegea, na jozi ya tano itapokelewa na mtu mwingine. Giza liliingia, jenereta ikawashwa, mbu wakaja kwa wingi. Jozi ya mwisho, ndugu wawili, ilifika baada ya saa moja usiku. Aliwaambia safari yao imeishia pale, kwa sauti ya chini, akangoja walie kwanza. Kamera ilipozimwa ndipo bibi alipouliza kama wale watoto wamekula, akawachukua kwake. Mtangazaji aliwafuata, akakaa nao muda ambao haukuwemo kwenye ratiba ya mtu yeyote, na hakuna mtayarishaji aliyethubutu kumwita.

Aliporudi tulirudia sentensi moja iliyoharibiwa na bodaboda. Fundi wa kadi akaanza kunakili picha kwenye diski mbili, moja ya kusafiri nasi na moja ya kupelekwa Arusha. Kisha mtangazaji akaniuliza saa. Jozi ya kwanza ilikanyaga mkeka saa nane na dakika thelathini na mbili mchana, na mapumziko ya kila jozi hudumu kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo wangeondoka saa nane na dakika thelathini na mbili usiku. Sisi tulitakiwa tuwe tumeshapanda mlima kuelekea Karatu kabla ya saa saba. Alitaka kujua dereva wa Noah amelala saa ngapi tangu jana. Nilipomwambia, alikataa kupanda naye usiku ule, tukaanza kupiga simu Makuyuni kutafuta dereva mwingine.